Trebo kwenye Tisa

Jumapili, tarehe 3

Dada, niwie radhi. Misimu miwili ya mvua imepita bila daftari langu kukufikia, na madaftari yako mawili yapo hapa mezani. Nimeyasoma na sikuyajibu. Sina kisingizio cha maana. Tangu baba yetu atuzoeze kuandika msimu mzima na kubadilishana madaftari mvua zikiisha, mimi ndiye niliyekukaripia kila uliporuka siku. Sasa nimeruka miaka miwili. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekutoa nje ya darasa, kwa hiyo nihesabu nimesimama nje, naandikia mlangoni.

Habari kubwa ni ya mwanao, binti yangu. Amerudi kukaa kwangu, yeye na gitaa lake la umeme. Madaktari wameona uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa sikio la kulia. Unajua kwamba hilo ndilo sikio pekee alilobaki nalo. La kushoto lilikufa kwa surua alipokuwa na miaka saba, na mimi nilimaliza muhula mzima nikimwadhibu kwa kutosikiliza, mpaka ulipokuja likizo ukaniambia, "Kaka, mtoto huyu hasikii." Daktari anasema uvimbe huu si wa kuua ukiwahiwa, lakini lazima utolewe, na huenda sikio likaondoka nao. Siku ya upasuaji ni tarehe 12 mwezi ujao.

Kabla ya siku hiyo anataka kurekodi wimbo mmoja alioutunga mwenyewe. Ni wimbo wa roki wa taratibu, unaoanza kwa gitaa peke yake. Sikuuliza zaidi.

Mvua ya kwanza imenyesha alasiri.

Jumanne, tarehe 5

Tumetoa magunia na baiskeli mbovu stoo, arekodie humo. Ukutani tumetundika mablanketi yote ya nyumba. Stoo inapakana na chumba cha fundi cherehani, yule mama mjane aliyepanga upande wa pili. Aligonga ukuta kuuliza kama tunahama.

Jumatano, tarehe 6

Baada ya chai binti yangu alinifuata barazani.

"Baba, nataka masikio yako."

"Yana kazi gani?"

"Ya kuniambia nisichosikia. Sauti za juu, zile nyembamba, zimeshaniaga. Nipo kama niliyevikwa kofia ya sufu mpaka shingoni."

"Una wenzako wa bendi. Wao ndio wanamuziki."

"Wananihurumia. Hata nikipiga ovyo watasema tamu. Wewe hujawahi kunisifia kitu kibovu."

"Hata kizuri sijakusifia."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Nikaenda stoo, nikakaa kwenye kiti cha mbao, nikasikiliza kama mkaguzi. Nakueleza kama nilivyoelezwa. Gitaa la umeme lenyewe halina sauti ya kutosha hata kumwamsha paka. Sauti hutoka kwenye amplifaya, sanduku lenye vitufe vitano vya kuzungusha, kila kimoja kina namba sifuri hadi kumi. Cha kwanza ni nguvu. Ukikizidisha, gitaa linakwaruza kama mtu mwenye mafua. Watu wa roki wanapenda hivyo, ila wimbo huu haupendi. Huu unataka sauti safi. Nikamwambia kwamba safi ni sahani, sauti haioshwi. Akacheka, kisha akapiga uzi mmoja mmoja, polepole, nyuzi sita zikipokezana. Safi, akasema, ni hapo kila uzi unaposikika kwa jina lake, hata ukiugusa kwa nguvu, bila mkwaruzo na bila kuwakanyaga wenzake.

Nguvu tumeiweka kwenye tatu. Besi nne, ili asigombane na mpiga besi. Kitufe cha kati kipo sita. Mwangwi mbili tu, uwe wa chumba kitupu na si wa pango. Haya yote aliyapanga mwenyewe, kwa sababu anayasikia. Kilichobaki ni trebo, kitufe cha sauti nyembamba. Hapo ndipo anapohitaji mtu. Tumeanza na tano.

Jumamosi, tarehe 9

Bendi imekuja. Kumbe ni watu wawili tu. Mpiga besi ni fundi bomba, mtu mnene mpole, mikono yake inanuka gundi ya mabomba. Ndiye mwenye mashine ya kurekodia. Mpiga dramu ni mtu mzima sasa, ana mvi mbili tatu, lakini nilimtambua kabla hajavuka kizingiti. Nilimrudisha darasa la sita mara mbili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Bado unachelewa."

"Saa yangu bado ipo darasa la sita, Mwalimu. Inarudia mwaka."

Fundi bomba alicheka mpaka akakaa. Mimi sikucheka. Mtu huyu hakuwahi kuwa na adabu, na fimbo mbili mkononi hazikumwongezea.

Jumatatu, tarehe 11

Nguo zimelowa kambani. Sijui zilinyeshewa saa ngapi. Nilishinda sebuleni na sikusikia mvua.

Alhamisi, tarehe 14

Tumefanya kazi saa tatu kwa kitufe kimoja. Anapiga zile nyuzi za mwanzo, anasimama, ananiangalia usoni. Mimi natafuta neno. Dada, nimefundisha lugha miaka thelathini na minane na leo sikuwa na neno. Nilisema giza. Nilisema mbichi. Mwishowe nikapata nilichotaka: gitaa linameza silabi za mwisho, kama watoto wa darasa la tatu wanaposoma kwa sauti. Uzi unaanza vizuri, mwisho wake haufiki.

Uso wake uling'aa. "Sasa umesema kitu, Baba." Akapandisha trebo hadi sita.

"Na sasa?"

"Bado inameza."

Nilijisikia mtu wa maana. Hilo sikumwambia.

Jumamosi, tarehe 16

Trebo ipo saba. Mpiga dramu alikuja na pamba, akaziba masikio yote mawili mbele ya macho yangu.

"Pamba za nini?"

"Dramu zangu zina kelele, Mwalimu."

"Jumamosi iliyopita hazikuwa na kelele?"

"Zilikuwa nazo. Nimechelewa kugundua. Si unanijua."

Fundi bomba alikuwa akiangalia viatu vyake. Nikawaambia kwamba binti yangu anaacha kitanda cha hospitali kikimngoja ili apige nao, na wao wanaleta mzaha. Wote wawili walisema, "Samahani, Mwalimu." Pamba hazikutoka.

Jumapili, tarehe 17

Nyenje hawajaja mwaka huu. Nimetazama daftari lako la juzi juzi. Uliandika kwamba walikunyima usingizi wiki nne. Hapa kimya kabisa. Nadhani ni ile miti iliyokatwa barabarani.

Jumanne, tarehe 19

Imefika.

Trebo ilikuwa nane na nusu, akaisogeza hadi tisa, akapiga. Kwa mara ya kwanza nilisikia uzi kutoka unapoguswa mpaka unapokufa. Hakuna silabi iliyomezwa. Nikasema, "Hapo. Usiguse."

"Una hakika, Baba? Tisa ni nyingi. Zamani sikuwahi kupita tano."

"Nisingekuwa na hakika, nisingesema."

Alililaza gitaa mapajani. Kisha akasema kwamba yeye mwenyewe, hapo kwenye tisa, anasikia kitu kwa mbali, kama kijiko kinachogonga glasi nyumba ya tatu, na alidhani hatakisikia tena. Nilichukua kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia madaftari, nikatia alama pembeni ya kitufe, mshale uelekee hapo hata mtu akikigusa kwa bahati mbaya.

Jumamosi, tarehe 23

Tumerekodi. Paa la bati halina urafiki na mashine, kwa hiyo tulingoja mvua tangu asubuhi mpaka saa nane, jua likatoka kidogo. Walipiga mara tatu. Ile ya tatu aliipiga akiwa amefumba macho, na dramu zilipoingia baada ya ule mwanzo wa gitaa, nywele zilinisimama mkononi.

Nikamuuliza mpiga dramu anaonaje. Akamtazama fundi bomba. Fundi bomba akaanza kukunja waya.

"Mwalimu ukisema imefika," akasema, "imefika."

Nikafikiri: hatimaye amejifunza kutii.

Jumapili, tarehe 24

Fundi cherehani alinikuta bombani.

"Mwalimu, mimi sikusoma kwako, kwa hiyo nitakuambia. Lile gitaa linachoma."

"Linachomaje?"

"Kama sindano inayoingia sikioni. Nimevumilia wiki mbili kwa ajili ya mgonjwa. Jana nilitoka nikakaa barabarani mpaka mkamaliza."

Nikamwambia kwa upole kwamba kila mtu na kazi yake, yeye ana kitambaa na sisi tuna sauti. Akajifunga kanga upya, akachukua ndoo yake, akaenda. Ukaidi wa mtu asiyejua kitu unachosha.

Jumatatu, tarehe 25

Hakuna la kuandika.

Jumatano, tarehe 27

Nitaandika kwa utaratibu, kwa sababu mkono unataka kukimbia.

Mchana mvua kubwa ilipiga bati kwa saa mbili, kisha ikakatika. Nikatoka barazani. Fundi cherehani alikuwa ameketi mlangoni kwake na beseni la nguo zilizofuliwa. Kwa kuwa Jumapili tuliachana vibaya, nilitaka kusema neno jema.

"Unaweza kuanika sasa, mama. Imekatika."

Akanitazama, akatazama uwanjani, akanitazama tena.

"Mwalimu, inanyesha."

Nikadhani ananirudishia la Jumapili. Nikanyoosha mkono nje ya baraza ili nimwoneshe. Ulilowa. Manyunyu mepesi, mengi, yalikuwa yakianguka kwenye uwanja mzima na kwenye bati juu ya kichwa changu, na kwangu palikuwa kimya.

"Huyasikii?" akaniuliza. Hakunikejeli. Aliniuliza kama unavyomwuliza mtu aliyeanguka kama ameumia.

Nikaurudisha mkono ndani ya baraza.

"Na nyenje?"

"Mwaka huu hawajaja."

"Mwalimu, wapo hapo ukutani tangu wiki ya kwanza. Juzi niliwamwagia maji ya sabuni, wakazidi."

Nikarudi ndani. Nikavua saa ya mkononi, ile uliyoniletea nilipostaafu, nikaiweka sikioni. Mshale wa sekunde ulikuwa ukienda. Sikusikia kitu, kulia wala kushoto. Unaniambia nini, dada? Tangu lini? Nilipokuwa nikisema gitaa linameza silabi za mwisho, aliyekuwa akizimeza ni mimi. Nilikuwa nikimwambia apandishe, apandishe, mpaka sauti ikafika kwenye masikio mabovu, yangu na yake, na kutoboa yote mazima yaliyokuwamo chumbani. Nikaweka na alama nyekundu.

Amenipa sikio lake la mwisho nimshikie, nami nimelipeleka nisikojua.

Alhamisi, tarehe 28

Sikumwambia. Anasikiliza wimbo wake kwa vile vinavyovaliwa masikioni, sauti juu kabisa, kidole kikifuata mezani. Ana furaha.

Ijumaa, tarehe 29

Sikumwambia. Mvua.

Jumamosi, tarehe 30

Nimekwenda kwa mpiga dramu. Ana duka la vipuri vya baiskeli. Nilimkuta akinyoosha ringi. Alisimama niliposimama, kama darasani.

"Kwa nini hukuniambia?"

Hakujifanya haelewi. Hilo namhesabia.

"Ningekuambiaje, Mwalimu? Nianze na neno gani? Mara mbili ulinirudisha darasa kwa sababu nilisema kitu nisichokuwa na hakika nacho."

"Na hili ulikuwa na hakika nalo?"

"Mwalimu, nilikuwa natokwa na machozi kwa ile trebo. Mke wangu alidhani tumefiwa."

"Ungemwambia yeye."

"Nilimwambia. Alisema, 'Baba amesema.' Basi." Akaokota spana, akairudisha chini. "Anakuamini kuliko masikio yangu. Na mimi, kusema kweli, wiki ya kwanza nilidhani wewe ndiye unayesikia sawa, mimi ndiye mbovu. Ni mazoea."

Kumbe pamba zile zilikuwa heshima. Alivumilia sindano ya wiki mbili ili asinisahihishe mbele ya mtoto wangu. Nilimwomba radhi. Alishtuka kuliko ambavyo angeshtuka kama ningempiga.

Nikamwuliza kama wimbo unaweza kuokolewa. Akasema fundi bomba alijaribu wiki nzima kwenye mashine yake. Ukiipunguza trebo huko, gitaa linageuka kama linapigwa ndani ya ndoo. Lazima lipigwe upya.

Jumapili, tarehe 31

Nimemwambia.

Nilimkalisha sebuleni, upande wake wa kulia, nikasema maneno machache na yaliyo wazi. Kwamba masikio yangu hayasikii sauti nyembamba. Kwamba sikujua. Kwamba nimejua tangu Jumatano na nimekaa siku tatu. Kwamba trebo kwenye tisa ni kosa, na kosa ni langu.

Alinitazama midomo mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Kwa hiyo tulikuwa viziwi wawili tunaoneshana njia."

"Ndiyo."

"Na wewe ukatia wino mwekundu."

"Ndiyo."

Alicheka, dada. Alicheka sana, kichwa amekiinamisha, na nilifikiri tumepona. Halafu mabega yakaendelea na sauti ikabadilika, nami nikakaa pale na mikono yangu magotini. Sijui mtu hufanya nini. Mama yake angejua.

Baadaye akafuta uso, akaniuliza, "Ungenionea huruma kama wengine, ingekuwaje?"

Nikasema sijui.

"Ingekuwa hivi hivi," akasema. "Lala, Baba." Ilikuwa saa kumi na moja jioni.

Jumanne, tarehe 2

Nimewaita wote stoo, na fundi cherehani pia. Mvua ilikuwa ikivuma juu, kurekodi hakuwezekani, lakini kusikiliza kwa karibu kunawezekana. Nikamwambia mpiga dramu ashike kitufe. Alikigusa kama chungu cha moto. Binti yangu akapiga.

Nane. Fundi cherehani akatikisa kichwa. Saba. Sita. "Teremka, baba, teremka," alimwambia mpiga dramu, kana kwamba anamwongoza mtu kwenye ngazi. Tano. Kwenye nne na nusu fundi bomba alifumba macho, na mpiga dramu akatoa pamba, kwanza moja, kisha ya pili, akaziweka mfukoni.

"Sasa hilo ni gitaa," alisema fundi cherehani. "Linasema na mtu."

Kwangu lilikuwa sauti ya mtu anayeongea ndani ya blanketi. Nilimtazama binti yangu. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda bila kosa na macho yake yalikuwa yanatafuta.

"Inalia?" aliuliza.

"Inalia," wakasema wote watatu.

"Mimi sisikii kitu."

Mpiga dramu akaondoa mkono kwenye kitufe. Sauti anayoitaka ipo, tumeipata, imesimama pale kwenye nne na nusu, watu wazima watatu wanaipenda kweli si kwa huruma, na yeye mwenye wimbo hayumo. Wala mimi simo.

Alhamisi, tarehe 4

Mvua haijaacha bati tangu juzi. Studio ya mjini imejaa mpaka mwezi uishe. Jumatatu anatakiwa kulazwa kwa vipimo.

Nimekwenda naye kwa daktari. Ni kijana mkweli. Anasema siku ikiahirishwa, nafasi nyingine ni baada ya miezi mitatu, na uvimbe hautangoja. Ukikua, kulihifadhi sikio kutakuwa kugumu zaidi, na pengine si sikio tu. Binti yangu alimtaka aandike, kwa kuwa hakutaka kusoma midomo kwa jambo hili. Akaandika. Nilisoma juu ya bega lake. Mwandiko mbaya, maana wazi.

Basi mambo ni mawili. Aende Jumatatu, na wimbo wake ubaki duniani ukiwa na sindano yangu ndani yake. Au angoje mvua ziishe, aupige upya kwa sauti asiyoisikia, kwa kuamini masikio ya watu wengine, na uvimbe ukikua huku. Nimejaribu kumpa maoni. Nilianza sentensi tatu na sikumaliza hata moja. Aliniwekea mkono mdomoni, si kwa ubaya.

Nafsi yangu inataka aende hospitali. Ulimi wangu hauthubutu. Mara ya mwisho nilipokuwa na hakika, nilitia wino.

Mchana huu alikuwa stoo, gitaa limezimwa, kiganja chake kipo kwenye kitambaa cha spika. Aliniona nimesimama mlangoni.

"Baba, mvua inanyesha?"

Zamani ningejibu. Nilikwenda barazani, nikanyoosha mkono, nikakaa hivyo kwa muda ili nisikosee. Nikarudi, nikamwonesha kiganja kilicholowa. Akakishika, akakikausha kwa sketi yake, akarudi kuiangalia ile alama nyekundu, ambayo bado ipo. Hatujui wino wa aina ile unatolewa kwa kitu gani.

Anasema atafikiri mpaka Jumapili na hataki mtu amsemeshe. Sitaandika tena kabla yake, dada, maana kila nitakachoandika kitakuwa ni mimi kumwamulia. Akiamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo, hata iwe mstari mmoja.